Apdeti imenibadilishia zana yangu ya kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa tumekusanya maswali tunayopigwa kila siku Kigoma mjini na watu wanaoandika programu, kuanzia wanafunzi wa chuo mpaka wale wa kujitegemea wanaowatengenezea wenye maduka ya Mwanga mifumo ya mauzo. Maswali mengi ni lilelile tu limebadilisha shati: jana zana ilikuwa inafanya hivi, leo nimewasha laptopu inafanya vile, nani kaituma? Tumeongelea zaidi VS Code (programu ya kuandikia kodi), Git (zana ya kutunza historia ya mabadiliko ya kodi) na GitHub (tovuti ya kuweka miradi ya Git) maana ndo vinatumika sana huku, vingine tumevigusa kwa mbali. Soma unapotaka, si lazima uanzie juu.

Nimefungua VS Code, nikiskroli kuna mistari inaganda juu haiondoki. Laptopu ina virusi au?

Hamna virusi, na faili lako halijaguswa. Hiyo inaitwa sticky scroll, kazi yake ni kukuonesha uko ndani ya fanksheni gani au klasi gani hata kama umeshuka mbali, kwaiyo ule mstari wa kwanza wa fanksheni unabandikwa juu wakati mwili wake unapita chini. Mwanzoni ilikuwepo ila imezimwa, anayeitaka anaiwasha mwenyewe, baadae wakageuza ikawa inakuja imewashwa na asiyeitaka ndo ahangaike kuizima. Kuizima nenda menyu ya View, kisha Appearance, utaona Sticky Scroll ina tiki, iguse tiki itoke. Au bonyeza Ctrl pamoja na alama ya mkato kufungua setingi, andika editor.stickyScroll.enabled alafu toa tiki.

Mi binafsi naiacha nikiwa na faili refu la PHP ambalo mtu kaandika fanksheni moja ndefu kuanzia asubuhi mpaka jioni, ila kwenye laptopu ya skrini ndogo inakula nafasi na kero yake ni ya haki kabisa.

Na rangi je? Weusi wa sasa sio ule niliouzoea.

Mwaka 2023 VS Code ilileta rangi mpya zinazoitwa Dark Modern na Light Modern. Zile za zamani hazijafutwa. Bonyeza Ctrl+K, achia, kisha Ctrl+T, chagua Dark+ na maisha yaendelee.

Mbona nakasirika hivi kwa kitu kidogo? Wenzangu wananiambia nazidisha, batani tu imehama.

Huzidishi. Mtu akishatumia zana kila siku kwa muda mrefu hatumii tena macho, anatumia vidole. Mama anayekaanga migebuka pale Kibirizi hatafuti kopo la chumvi liko wapi, mkono unaenda wenyewe huku anaongea na wateja; lihamishe upande wa pili usiku wakati hayupo, kesho yake samaki wa kwanza anaungua na maneno utakayoambiwa hutayasahau. Na wewe ni hivohivo, kichwa kilikuwa kwenye tatizo la mteja, vidole vinafanya kazi yao, ghafla vidole vimegonga hewa na kichwa kinalazimika kushuka kutoka kwenye tatizo kuja kutafuta batani. Ukirudi juu umeshasahau ulikuwa unafikiria nini. Hasara ipo hapo kwenye kichwa kilichokatizwa, zile sekunde za kutafuta batani ni ndogo tu.

Kuna kijana mmoja wa Ujiji alikuwa anamtengenezea mfanyabiashara wa mawese mfumo wa kuhesabu madumu yanayoingia na kutoka stoo. Siku ya kumuonesha mzee wa watu kafungua zana yake ya kazi, ambayo hatutaitaja, na ile batani ya kuendesha programu iliyokuwa kona ya juu kulia haipo, imeingizwa ndani ya kimenyu cha nukta tatu. Mzee kakaa pembeni ameshika daftari lake la mahesabu, kijana anahangaisha mshale huku na huku, anafungua hiki anafunga kile, jasho linamtoka, mwisho mzee akalifunga daftari akamwambia, "mwanangu, hili langu halijawahi kuniambia nisubiri." Kazi aliipata baadae, lakini siku ile ilikwisha hivo.

Alafu kuna jambo la pili ambalo watu hawalisemi sana: hukuulizwa. Kitu kimejidaunlodi chenyewe, kwa bando lako, pesa yako mwenyewe, ili kije kikuchanganye. Kwa mtu wa mjini mkubwa mwenye waifai ya ofisi hiyo haimuumi, kwa mtu anayenunua bando la siku inauma mara mbili.

Sasa kwa nini wanabadilisha kitu ambacho hakikuwa na tatizo?

Kuna sababu ambazo ukizielewa hasira inapungua, na kuna nyingine ukizielewa inaongezeka.

Ya kwanza ni kwamba zana yako imejengwa juu ya zana za watu wengine. VS Code imejengwa juu ya Electron (zana ya kutengenezea programu za kompyuta), Electron imejengwa juu ya Chromium, ambayo ndo moyo wa browza ya Chrome. Chrome ilipoacha kuhudumia Windows 8 mwanzoni mwa 2023, Electron ikafuata, na VS Code nayo ikafuata, hakukuwa na mtu aliyekaa kikao kusema tuwakomoe wenye laptopu za zamani, ni gogo limebingirika kutoka juu.

Ya pili ni usalama, na hii tutaiongelea vizuri kwenye swali la flashi hapo chini.

Ya tatu ndo inayoudhi: anayetengeneza zana anamuwaza sana mgeni kuliko mwenyeji. Mgeni akifungua zana akaona batani nyingi anakimbia, kwaiyo wanazificha, wanapanua nafasi, wanaweka rangi laini. Mwenyeji aliyezijua zile batani zote hana pa kukimbilia, wanajua atalalamika kidogo alafu atazoea. Na pia wanaangalia takwimu za matumizi zinazotumwa na zana zenyewe, sasa wengi wetu tumezima kutuma hizo takwimu kwa kuogopea bando au faragha, maana yake ile batani unayoipenda wewe kwenye hesabu zao inaonekana haina mtu. Sikwambii uwashe, uamuzi wako, ila ujue ndo inavokwenda.

Na kuna wakati sababu ni moja tu, mtu kapenda muonekano mpya. Basi.

Laptopu yangu ina Windows 7, na ya kaka yangu Windows 8.1. VS Code mpya inagoma. Tufanyeje?

Windows 7 toleo la mwisho linalokubali ni 1.70.3. Windows 8 na 8.1 ni 1.79. Kama laptopu ni ya biti 32 lakini ina Windows 10, basi mwisho wako ni 1.83. Daunlodi hilohilo, zima apdeti, endelea na kazi. Linafungua HTML, PHP, Python, kila kitu cha kujifunzia. Eksitensheni (viprogramu vya kuiongezea VS Code uwezo) mpya nyingine zitakataa kuingia kwa sababu zinadai VS Code ya juu zaidi, hapo unatafuta toleo la zamani la eksitensheni hiyo.

Ushauri ambao hukuomba: laptopu kama ina RAM ya GB 4 na hutaki kuinunulia Windows mpya, iwekee Linux nyepesi. Lakini usifanye hivo wiki ya mtihani.

Nizuieje isijiapdeti yenyewe?

Kwenye VS Code fungua setingi, tafuta update.mode, utaona imeandikwa default, maana yake inajiangalizia na kujidaunlodia yenyewe. Ibadilishe iwe manual, hapo itaapdeti siku utakayoiambia wewe tu kwa kubonyeza Help kisha Check for Updates. Ipo na none ambayo inazima kabisa, mi napendelea manual maana none watu wanaisahau, baada ya mwaka wanashangaa mbona kila kitu kimepitwa.

Watu wengi wanaishia hapo alafu wanarudi kulalamika kwamba apdeti bado zinakula bando. Eksitensheni zina mlango wao tofauti: tafuta extensions.autoUpdate, izime nayo.

Wa Linux aliyeweka kwa apt atumie sudo apt-mark hold code, akitaka kuachia anaandika unhold badala ya hold. Aliyeweka kwa snap anatumia sudo snap refresh --hold code.

Nimeshachelewa, imeshaapdeti. Nawezaje kurudi nyuma?

Inawezekana na si kazi kubwa. Kwenye tovuti ya VS Code kuna ukurasa wa habari za kila toleo, anwani yake inaishia na namba, mfano code.visualstudio.com/updates/v1_85, na juu kabisa ya kila ukurasa kuna linki za kudaunlodi toleo hilohilo. Andaa MB 100 hivi za bando. Kabla ya kugusa chochote zima kwanza update.mode, la sivyo utarudi nyuma leo na kesho imekupeleka mbele tena na bando limeenda.

Kisha ondoa iliyopo, weka ya zamani. Setingi zako hazitapotea, Windows inaziweka kwenye folda ya %APPDATA%\Code na eksitensheni ziko kwenye folda ya .vscode ndani ya folda yako ya mtumiaji, na kuondoa programu hakuzigusi. Hata hivo zikopi folda zote mbili kwenye flashi kwanza. Bado umeme haujatangaza urafiki na mtu.

VS Code ipo vilevile, ila eksitensheni moja ndo imebadilika tabia.

Nenda kwenye orodha ya eksitensheni, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya hiyo inayokusumbua, chagua Install Specific Version, utaletewa orodha ya matoleo na tarehe zake, chagua la kabla ya balaa. Hapohapo toa tiki kwenye Auto Update ya eksitensheni hiyo. Dakika mbili umemaliza.

Nimechomeka flashi yenye mradi wangu, Git inasema "detected dubious ownership in repository". Mbona zamani ilikuwa inakubali?

Hili ndo swali namba moja kwa huku kwetu, maana intaneti ikisuasua watu wanabeba miradi kwa flashi, kutoka chuo kwenda geto, kutoka geto kwenda kwa mteja Gungu. Na ujumbe wenyewe unatisha, inaonekana kama unashtakiwa kuiba.

Kilichotokea ni hiki. Mwezi wa nne 2022 Git ilitoa toleo 2.35.2 kuziba tundu lililosajiliwa kwa namba CVE-2022-24765 (CVE ni orodha ya matundu ya usalama yanayojulikana). Ukiandika kamandi ya git mahali pasipo na repo, yani folda ya mradi inayofuatiliwa na Git, Git inapanda juu folda kwa folda ikitafuta folda ya .git. Sasa kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, mtu mbaya angeweza kuweka folda ya .git pale juu kabisa kwenye C:\ na ndani yake akaweka maagizo, wewe ukija kufanya kazi zako chini huko Git yako inapanda, inalikuta la kwake, inasoma maagizo yake, na maagizo ya Git yanaweza kuendesha programu nyingine. Yani umeandika git status tu, umeendesha programu ya mtu usiyemjua. Fikiria kompyuta za maabara ya chuo au za intaneti kafee.

Dawa waliyoweka ni kwamba Git inaangalia folda hiyo inamilikiwa na nani, kama sio wewe inagoma. Sasa flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haiandiki kabisa faili ni la nani, kwaiyo Git inauliza mwenye mali ni nani na hakuna wa kujibu. Flashi ya NTFS nayo inaweza kugoma kwa sababu mwenye mali aliyeandikwa ni akaunti ya kompyuta ya chuo, sio ya kwako ya nyumbani.

Ukiwa na uhakika mradi ni wako andika:

git config --global --add safe.directory E:/mfumo-wa-duka

Badilisha jina na herufi ya flashi. Angalia hiyo herufi vizuri, leo flashi inaweza kuwa E kesho ukichomeka na modemu ikawa F, na ruhusa uliyoitoa ni ya E, itagoma tena na utafikiri kamandi imedanganya. Kuna wanaoshauri uweke nyota badala ya jina la folda ili iruhusu kila kitu, inafanya kazi ndio, ila umeutoa mlango wote kwenye bawaba. Kwenye laptopu yako peke yako sitakugombeza, kwenye kompyuta ya maabara usithubutu. Njia safi zaidi ni kukopi mradi kutoka kwenye flashi kwenda diski ya laptopu, ukishakopi mwenye mali unakuwa wewe, unafanya kazi zako, unarudisha.

Kwa mabadiliko haya mimi niko upande wa Git. Kosa lao ni ule ujumbe wa kwanza kwanza, ulikuwa mkali na mfupi, watu walipaniki bure.

GitHub imekataa paswedi yangu na nina uhakika ni sahihi.

Paswedi ni sahihi, ila haikubaliwi tena kwenye terminali tangu tarehe 13 Agosti 2021. Kwenye browza unaingia nayo kama kawaida, lakini kwenye git push, yani kamandi ya kupeleka kazi yako GitHub, inatakiwa tokeni (msimbo mrefu unaotumika badala ya paswedi) au ufunguo wa SSH. Masomo mengi ya zamani ya video bado yanaonesha mtu anaandika paswedi na inapita, ndo maana kila muhula mpya linarudi.

Kama uko Windows na Git yako sio ya kale, ukipush itakufungulia browza uingie humo, imeisha. Isipofungua, ingia GitHub, Settings, shuka mpaka Developer settings, Personal access tokens, tengeneza, na pale terminali inapoomba paswedi bandika tokeni. Ikopi mahali salama papohapo, ukifunga ule ukurasa haioneshwi tena. Na usiitume WhatsApp kwa rafiki akusaidie kupush. Tumeona.

Nafuata maelekezo ya mwalimu, napata "src refspec main does not match any".

GitHub tangu Oktoba 2020 ikitengeneza repo mpya tawi la kwanza inaliita main, ila Git ya kwenye laptopu yako inaweza kuwa bado inaliita master. Andika git branch -m master main kisha push. Kama push itarudisha erori ileile, basi bado hujakomiti chochote, yani hujahifadhi mabadiliko ndani ya Git, anza na hapo. Ili isijirudie kwenye miradi mingine: git config --global init.defaultBranch main.

Mi naandikia kodi kwenye IntelliJ badala ya VS Code, sura yote imebadilika, menyu imejificha.

Kuanzia toleo la 2024.2 sura mpya ndo inayowekwa kwa kila mtu, ya zamani wameifanya plagini, itafute kwa jina Classic UI ndani ya sehemu ya plagini. Ule mtindo wa kukomiti kwenye dirisha linalojitokeza katikati nao ulihamishiwa kwenye plagini yake mwaka 2025. Wameiacha njia ya kurudi, heshima yao, ila plagini ya namna hiyo ni kama notisi ya kuhama chumba: bado unalala humo, lakini anza kufungasha. Jifunze sura mpya taratibu siku ambazo huna kazi ya mtu.

Nawatengenezea watu tovuti kwa WordPress. Mteja wa zamani kaapdeti, sasa ananipigia simu kila siku hajui pa kuandikia.

Hiyo ni ya tangu toleo 5.0 la Desemba 2018, walipoleta kuandika kwa vipande. Mwekee plagini inayoitwa Classic Editor, ya wenyewe WordPress, atarudi kwenye karatasi yake moja nyeupe kama zamani. Walalamikaji walikuwa wengi dunia nzima na hiyo plagini imewekwa kwenye mamilioni ya tovuti, mteja wako hayuko peke yake na wala sio mshamba.

Kwaiyo nizime apdeti zote milele nipumzike?

Hapana bana. Apdeti za sura unaweza kuzikalisha nje hata miezi. Za usalama usizikalishe: browza, mfumo wenyewe wa uendeshaji, Git, na maktaba zozote zilizo kwenye seva ya mteja zinazoshika pesa au taarifa za watu. Kabla ya kusema sitaki, fungua habari za toleo usome mistari michache, ukiona neno security au namba inayoanza na CVE, apdeti siku hiyohiyo.

Kwa zilizobaki weka siku yako. Huku wengi wanachagua wikendi, baada ya kukabidhi kazi, bando la usiku likiwa bei nafuu. Usiapdeti chochote siku ya kumuonesha mteja wala siku moja kabla. Hata kama kidirisha kinakuomba kwa upole namna gani.

Kulalamika kunasaidia? Sisi wa Kigoma nani atatusikiliza?

Kunasaidia kuliko unavyofikiria, ila inategemea umelalamika vipi. Mwanzoni mwa 2024 toleo 1.86 la VS Code lilitoka na ghafla watu wanaounganisha na seva zenye Ubuntu 18.04 na CentOS 7 wakakatiwa, kwa sababu lilitaka glibc, maktaba ya msingi ya Linux, kuanzia 2.28 na Ubuntu 18.04 ina 2.27. Namba moja tu pale nyuma ya nukta, watu wakashindwa kuingia kwenye seva zao za kazi. Kelele zikawa kubwa, lakini zilikuwa kelele zenye namba: seva yangu ni hii, toleo hili, siwezi kuibadilisha kwa sababu hii. Haikuchukua muda wakatoa 1.86.1 iliyoruhusu seva hizo kwa onyo tu, na kuwapa watu miezi 12 ya kuhama. Wangeandika "mmeharibu kila kitu" peke yake sidhani kama ingetoka haraka vile.

VS Code maombi yote yako wazi GitHub, unaingia kwa Help kisha Report Issue. Kwa ombi la kitu kipya au kurudisha cha zamani utaratibu wao umekuwa hivi: likikubaliwa kuwa mgombea linapewa siku 60, likipata dole gumba 20 linaingia kwenye orodha ya kufikiriwa. Ishirini! Darasa moja tu la chuo linavuka hapo. Ila kwanza tafuta kama kuna mtu alishaliandika, ukilikuta weka dole lako pale badala ya kufungua jipya, na usiandike "mimi pia" kwenye maoni, linawajazia barua pepe watu wote na halihesabiwi.

Unachoandika ni vitu vitatu: ilikuwa inafanyaje, sasa inafanyaje, na hiyo inakuzuia kazi gani. Hicho cha tatu ndo kinachosomwa. "Naipenda ya zamani" haina uzito, "natumia skrini ya inchi 11 na mistari mitano iliyobandikwa juu inanibakizia nafasi ndogo ya kusoma" ina uzito. Matusi weka pembeni, anayesoma mara nyingi sio aliyeamua.

Kiingereza changu sio kizuri, si watanicheka?

Hawacheki. Sentensi fupi, picha ya skrini, namba ya toleo. Wachina, Wabrazili, Warusi wote wanaandika Kiingereza cha kuvunjavunja humo na wanajibiwa.

Nafundisha vijana Tabora, kila laptopu ina VS Code tofauti, nikisema bonyeza hapa nusu ya darasa hawaoni hapo. Kuna dawa?

Ipo, na sijui kwa nini haitumiki zaidi. Usidaunlodi ile ya kuinsto, chukua ya zip ya Windows, ifungue kwenye folda, na ndani ya folda hiyo tengeneza folda ndogo uipe jina data. Basi, kuanzia hapo setingi zote na eksitensheni zote zinakaa humo ndani, haigusi VS Code nyingine iliyopo kwenye laptopu hiyo, na kwa Windows na Linux ya namna hii haijiapdeti yenyewe, mpaka wewe uihamishe hiyo folda ya data kwenye toleo jipya.

Kwaiyo mwalimu unadaunlodi mara moja, unaipanga unavotaka, unaweka eksitensheni za somo, alafu unaigawa kwa flashi darasa zima. Wote wana kitu kimoja, batani ziko palepale mpaka muhula uishe, na hakuna aliyetumia bando isipokuwa wewe. Muhula ukiisha unaandaa folda nyingine yenye toleo jipya, na siku ya kwanza ya muhula unatenga saa moja ya kuwaonesha nini kimehama. Ikopi kwenye diski kwanza lakini, kuiendesha moja kwa moja kutoka kwenye flashi ya bei rahisi utazeeka inafunguka.

Mteja anauliza mbona kazi imechelewa. Nimwambie apdeti?

Mwambie kazi inaisha lini. Apdeti haimhusu.

Swali langu halipo hapa.

Njoo nalo, ila njoo na namba ya toleo, ipo Help kisha About, uje na mfumo wa laptopu yako, na maneno ya ile erori yote kama yalivyo, sio "imeandika kitu chekundu". Kama unakumbuka ilikuwa sawa siku gani na ikaharibika siku gani sema pia. Na kama laptopu ni ya kuazima tuambie mapema, tusije tukaanza kuondoa vitu vya watu.